Neno Nililolitamka Msibani Malang

Siku moja katika mji wa Malang, kule Indonesia, niliingia msibani nikatamka neno moja tu, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia uso unaniwaka moto. Tangu nirudi nyumbani sijawahi kumsimulia mtu. Lakini jana, Zuhura mwanangu, ulipotoka kwenu Kisarawe ukaja hapa Misugusugu kuniaga, ulinikasirisha, na sitaki kukuficha.

Ulinionyesha barua ya chuo: mwaka mzima, Kiindonesia cha daraja la juu, kuishi na wenyeji. Nikafurahi. Kisha ukasema huku unacheka, "Baba mdogo, wala usiwe na wasiwasi. Wabongo tuko wanne, tumeshapata nyumba yetu wenyewe. Na simu siku hizi inatafsiri kila kitu."

Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Leo sinyamazi.

Mimi nilikwenda nikiwa na umri kama wako. Ofisi yetu ya kilimo ilikuwa ikipokea wataalamu wa mpunga kutoka huko, nami, mtoto wa mkulima wa Dutumi, nikachaguliwa nikakisome Kiindonesia vizuri niwe mkalimani wao. Nikapangiwa nyumba ya Pak Harjo, mwalimu mstaafu, na mkewe Bu Sumi. Hiyo Pak na Bu ni heshima, kama sisi tunavyosema baba na mama.

Kila jioni Pak Harjo aliweka viti viwili barazani, chake na changu. Alitaka tuzungumze. Tatizo alikuwa akinisahihisha, kwa upole kabisa, nami nilichukia kusahihishwa. Basi namwambia nina kazi ya darasani, kisha huyo natoka kwenda kwa Kibwana, Mtanzania mwenzangu, tunasonga ugali na kubishana mpira kwa Kiswahili. Nikirudi nakuta Bu Sumi amenifunikia chakula kwa kawa. Sikigusi. Miezi saba, mwanangu! Miezi saba mzee wa watu ananingoja!

Na linaloniudhi zaidi, darasani nilikuwa nafaulu. Maneno mengi yanafanana na yetu: meza wanaita meja, sabuni sabun, habari kabar. Nikajiona nimeshafika.

Ijumaa moja mchana nikarudi nikakuta viti vimejaa uani, wanaume wamevaa kofia nyeusi, Bu Sumi amekaa mkekani macho yamemvimba. Nikaelewa. Nikataka kuonyesha kwamba nimeguswa, nikasema kwa sauti mbele ya wote, "Bapak sudah mati?" Yaani, baba amekufa?

Watu wote wakanigeukia.

Mati ni kufa, ndiyo. Lakini ni neno la kuku, la taa iliyozimika, la betri iliyokwisha. Mzee hasemwi hivyo. Wanasema meninggal, au wafat, kama sisi tunavyosema amefariki. Mimi nilimtaja mwenye nyumba kama kuku aliyejifia bandani, mbele ya mjane wake. Mdogo wa marehemu akainuka, akanishika mkono, akanitoa nje ya uzio. Sikumzika Pak Harjo.

Nikamkimbilia Kibwana. Akacheka! "Si wamekuelewa? Basi, yameisha." Nilitamani kumzaba kofi. Nikaondoka bila kumuaga, na njiani nikatambua kwamba hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo mwenyewe tangu nimefika.

Siku mbili nilijificha chumbani kwangu; ya tatu Bu Sumi akaniita jikoni. Alisema polepole ili nimwelewe, na huo upolepole wake ndio ulioniuma.

"Mwanangu, neno nimekusamehe. Mgeni hukosea. Ila mume wangu alitamani uzungumze naye, ukamwona msumbufu. Ungekaa naye, neno hilo ungelijua. Sasa atakufundisha nani?"

Nilimwomba anifundishe yeye. Akanisukumia beseni la maharage mabichi na kisu. "Anza kukata. Na useme unachofanya."

Miezi mitano iliyobaki niliimalizia pale, nikisahihishwa kila sentensi bila huruma. Ndipo nilipojua wanavyoomba, wanavyokataa bila kumvunjia mtu heshima, wanavyompa mtu pole. Ukalimani wote niliokuja kuufanya Dutumi ulitoka jikoni kwa Bu Sumi, si kwenye cheti. Lakini Pak Harjo hakuwahi kunisikia nikisema sentensi moja iliyonyooka.

Sasa wewe unapewa nafasi ambayo vijana wangapi wa Kisarawe wanaililia, unataka kupanda ndege ukafungue Kisarawe nyingine huko? Mpigie mwenye nyumba leo hii, mwambie hamji. Nenda ukakae na familia uliyopangiwa. Kula wanachokula. Simu iwe ya kumsalimia mama yako. Ukisahihishwa, shukuru, hata kama machozi yanakulenga. Na kabla ya kumtaja mkubwa, uliza anatajwaje. Ukikosea, usiwakimbilie watakaokuchekesha; rudi kwa uliyemkosea, siku hiyohiyo.

Nimesema kwa ukali kwa sababu nakupenda, na kwa sababu mimi sikuwa na mtu wa kunikaripia mapema.

Mwenyezi Mungu akutangulie, mwanangu. Akufungue ulimi na masikio, akupe watu wema wa kukulea ugenini, akurudishe kwetu mzima wa afya. Radhi zangu unazo. Amina.