Gari la Uweso na Eda ya Mastura

Uani kwa jirani yangu Uweso, hapa Usagara, palikuwa na magari matatu, na hakuna hata moja lililotembea. La kwanza lilikuwa Fodi iliyobaki bodi tupu. La pili lilikuwa pikapu iliyochomwa na jua mpaka hujui ilikuwa na rangi gani. La tatu ndilo lililomtia wazimu: gari la Kijerumani la tangu kabla ya ile vita ya kwanza, lenye magurudumu ya njiti za mbao, taa za shaba na honi ya kubana kwa mkono. Alilikuta kwenye banda la shamba moja la mkonge, kuku wametagia juu ya viti, na msimamizi akamwambia achukue bure kwa sababu alitaka nafasi. Tanga nzima hapakuwa na jingine kama hilo.

Watu walimcheka, na mimi Semeni nilikuwa wa mbele katika kucheka. Uweso alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu mkimya, hana mtoto, hana ndugu mjini. Kila jioni akitoka kazini alivua shati na kuingia chini ya gari. Sisi tuliopakana naye ukuta tuliijua miguu yake kuliko uso wake.

Mkewe Mastura, mtu wa Kigombe, alivumilia sana. Alimwita chakula mpaka kikapoa, akakipasha moto, kikapoa tena. Siku moja alitaka kitu cha kumiminia mafuta ya nazi kwenye chupa, akaufungua mdomo wa shaba wa ile honi. Aliuosha vizuri, na nilipomwona akimimina nikakiri moyoni kwamba unafaa. Lakini Uweso aliporudi akaukuta unanuka mafuta, alipandwa na hasira ambazo sikupata kumwona nazo. Mastura naye hakunyamaza. Alimwambia gari hilo halitatoka uani mpaka wazikwe wote wawili. Uweso akamwacha palepale, talaka moja, nami nimesimama mlangoni na watu wawili wapita njia wakisikia. Mwanamke kaachwa kwa ajili ya honi. Mastura akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Zubeiri, Kigombe.

Sasa, talaka moja si mwisho wa mambo. Mwanamke akiwa ndani ya eda, mume akitamka tu kwamba amemrejea, ndoa imesimama kama zamani, hapana posa wala mahari mapya. Kesho yake asubuhi Uweso alikwishajuta, macho mekundu, hata chai hakunywa. Shekhe wa msikiti wetu alimwambia hana haja ya kusafiri: aseme hapohapo mbele ya mashahidi, na habari itapelekwa. Uweso akakataa. Alitaka kulisema neno hilo mbele ya Mastura mwenyewe, na alitaka kwenda na gari.

Nilimfuata uani kwake nikamwambia apande basi la Pangani, lipitalo Kigombe, siku ileile. Akafuta mikono, akanijibu taratibu.

"Nikienda na basi, da Semeni, nitakuwa nimekwenda kuomba. Nikienda nalo, atajua sikuwa nikipoteza maisha yetu bure."

Nilimwita mjinga, nikarudi kwangu.

Nyumba ile ikawa na kimya cha kutisha. Alijipikia ugali ukaungua, akaula amesimama, mkono mmoja una grisi. Baraza lake halikuwa na mtu wa kulikalia, kwa kuwa aliokuwa akizungumza nao walikuwa wa kazini tu, na wao walikuwa na wake zao wa kurudia. Mara kwa mara nilimsikia kutoka chini ya gari akisema, "Mastura, nipe kitambaa," halafu kimya, halafu nyundo inaanza tena, kwa nguvu zaidi. Nilimhurumia, na huruma ile ilinikasirisha.

Kazi haikuwa ndogo. Kifaa cha kutoa cheche kilikuwa kimekufa, akakifungua na kukisuka upya waya kwa waya. Injini aliiteremsha yote, akaisafisha kwa mafuta ya taa. Magurudumu ndiyo yaliyomshinda, maana mchwa walikuwa wamekula njiti, na mjini hapakuwa na mtu wa kutengeneza gurudumu la mbao. Fundi pekee aliyekubali alikuwa mzee Mwinyijuma, muunda mashua, naye yuko Kigombe. Basi Uweso akaenda Kigombe kupeleka magurudumu mabovu, na baada ya muda akaenda tena kuchukua mapya. Safari zote mbili alipita mbele ya nyumba ya Zubeiri. Alinieleza haya kwa majivuno kidogo, jinsi alivyojikaza asigeuze shingo. Alisema bado ana nafasi.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Shekhe alikwisha kumwonya kwamba eda ya mwanamke aliyeachwa huhesabiwa kwa twahara zake tatu baada ya hedhi, si kwa miezi ya kalenda, na mwenye kuijua ni mwanamke mwenyewe. Uweso alikuwa amejiwekea miezi mitatu kichwani, kama apangavyo kazi ya karakana, na hesabu hiyo hakuna aliyeweza kuing'oa.

Gari liliwaka mwishoni mwa masika, mwaka wa hamsini na nne. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na hata mimi nilipiga vigelegele. Shaba ilikuwa inang'aa, viti vimeshonwa upya, bodi imepakwa rangi ya kijani iliyoiva. Asubuhi iliyofuata Uweso alivaa kanzu yake ya Idi, akatia udi, akaondoka peke yake, kiti cha pembeni amekitandikia shuka nyeupe.

Yaliyotokea Kigombe alinisimulia Mastura mwenyewe. Anasema kijiji kilikusanyika mpaka gari halionekani. Uweso akashuka, akamwamkia Zubeiri, akasema mbele ya watu kwamba amemrejea mke wake. Zubeiri akainamisha kichwa. Eda ilikwisha wiki iliyopita, akasema, na posa ya Sadalla, mgane mwenye minazi, imekwisha kupokewa. Uweso akamgeukia Mastura, akamwuliza kama anaweza kumposa upya, naye yuko tayari kwa mahari yoyote. Mastura alikuwa bado na haki ya kuvunja uchumba na kukubali.

"Ulipopita na yale magurudumu mabovu," Mastura akamwambia, "nilikuwa mlangoni. Nikasema anakwenda kwa fundi, akirudi ataingia. Nikatia wali motoni. Hukuingia. Ulipokuja kuchukua mapya nikapika tena. Ungaliingia na vumbi lako la basi, Uweso, ningalirudi nawe siku ileile."

Uweso akamwomba basi apande tu, amfikishe mwisho wa kijiji na kumrudisha. Mastura akasema gari limependeza, na alisema kweli, lakini yeye sasa ni mchumba wa mtu, hawezi kukaa kando ya mwanamume mwingine watu wakimtazama. Akaingia ndani.

Alasiri nililisikia gari likikata kona ya mtaa wetu, nikatoka mbio nikidhani nitawaona wawili. Uweso aliliingiza uani, akazima, akabaki amekaa palepale na mikono juu ya usukani. Nikamwuliza kama limemsumbua njiani.

"Halikunisumbua hata kidogo," akasema. "Kwenda na kurudi."

Kisha akalia, mtu mzima yule, nami nikasimama kando ya gari nisijue pa kuweka mkono.