Mwasiti Aomba Kazi ya Kuzika

Wapo wanaosema Mwasiti aliacha kuosha maiti kwa sababu ya kiburi. Wafunge midomo yao. Mimi Biasha nilikuwa jirani yake hapa Rumonge, mimi ndiye niliyekata sanda na kumchotea maji, na ninaijua siku iliyomwachisha kuosha.

Ulimi alikuwa nao, sikatai. Akiingia nyumba ya msiba, kwanza anafukuza waliaji: "Tokeni! Mukitaka kulia, muende kulia kwenu!" Ndugu wa marehemu wananuna, lakini wanatoka. Ukibaki naye chumbani ndipo unamjua vizuri. Mikono yake juu ya maiti ilikuwa mipole hata unaona haya kwa namna unavyowashika watoto wako mwenyewe.

Alikuja kutoka Uvira akiwa bibi harusi, mwaka ule wa Uhuru, akamleta mdogo wake Zuwena. Wazazi wao walikuwa wamekufa, kwa hiyo Zuwena alikuwa mdogo wake na mtoto wake pia. Mwaka huohuo mchuuzi mmoja wa dagaa, mtu wa Kigoma, alifia katika chumba cha kupanga. Hakuwa na ndugu. Wenye nyumba wakamfunga mkekani, wakamtupa shimoni kabla ya adhuhuri. Mwasiti akasimama sokoni akapiga kelele: "Sisi sote hapa tumekuja! Leo yeye, kesho ni nani?"

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Jeneza. Tulikuwa na jeneza moja, majembe, karafuu maiti, na jora la amerikani lililowekwa nyumbani kwa Hadji Abdulhamid, mkubwa wetu. Tulizika kila asiye na mtu. Hatukumwomba yeyote hata ahsante.

Mwisho wa mwezi wa nne, mwaka 1972, vita vikaingia Rumonge. Waasi walikuja wakaua. Kisha wakaja askari, nao wakaua, na wao hawakumaliza upesi. Aliyekuwepo anajua, asiyekuwepo amshukuru Mungu. Zuwena alikuwa amekwenda Minago kununua mawese. Hakurudi.

Assumani mvuvi ndiye aliyeleta habari. Alipita karibu na ufuko na mtumbwi wake, akaona watu wamelala kando ya maji, chini ya barabara, na katikati yao kitenge cha bluu cha Zuwena.

"Amelala chali ao kifudifudi?" Mwasiti akauliza.

"Sikuona vizuri, dada."

"Umeona kitenge, uso hukuona?" Akamshika shati, akamtikisa. Assumani, maskini, akamwachia shati lake, machozi yanamtoka.

Barabara ilikuwa imefungwa. Askari walisimama kwenye kizuizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuikaribia miili, hata mwenye mtoto wake pale. Jua lilikuwa kali. Siku zikapita, harufu ikafika mjini.

Ndipo ofisi ya serikali ikabandika tangazo kwa Kifaransa. Wanatafuta watu wa kuzika waliolala kando ya barabara mpaka Minago. Mwenye watu na vyombo alete karatasi, aeleze atafanyaje na kwa bei gani. Atakayepata kontra, ule mkataba wa kazi, atapita kizuizini. Katika maneno yote yale, Mwasiti alisikia hilo moja tu, kwamba atapita.

Tukakutana kwa Hadji. Ramazani, aliyewahi kuwa karani wa duka na aliyejua Kifaransa, ndiye aliyeshika kalamu. Akasoma maswali ya ofisi: "Muliisha fanya kazi kama hii? Wapi? Na nani ataishuhudia?"

Hadji akakunja uso. "Sadaka haitangazwi, Ramazani. Tukiwataja tuliowazika, thawabu yetu inaishia hapo."

"Hadji, kwa heshima yako," Mwasiti akasema, "thawabu yangu chukua wewe. Mimi nataka mdogo wangu."

Hadji akaikunja tasbihi yake kiganjani, akasema, "Andika."

Kwenye bei tukakwama tena. Hadji alitaka tufanye bure, kwa ajili ya Mungu. Ramazani akakataa. "Siku hizi mtu akiomba kazi ya bure, watasema anaficha kitu. Muweke bei ya sanda na sabuni, basi." Tukaiweka.

Tulipofika kwenye kazi yenyewe, lo! Hapo kila mtu alitaka lake liandikwe. Maiti ataoshwa mara tatu. Atatiwa karafuu maiti. Atavishwa sanda, ataswaliwa, atalazwa kwa ubavu ndani ya kaburi lake peke yake, kwenye mwanandani. Asiye Mwislamu ataoshwa na kuvishwa vilevile, ataombewa na watu wa dini yake. Mimi mwenyewe nilidai waandike kwamba nguo itakatwa mpya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ofisi ikisema kuzika ina maana gani. Kuzika si kuzika? Tuliondoka pale tunaamini hakuna wa kutushinda.

Tukaenda wanne: Hadji, Ramazani, Mwasiti na mimi. Mkubwa wa ofisi aliisoma karatasi ameziba pua kwa kitambaa. Akaiweka chini.

"Kwa siku moja mutazika wangapi?"

"Wanane," Mwasiti akajibu. "Tukipata watu, hata kumi."

"Mama, Bahizire, mwingine aliyeomba, iko na kamyo ya kubeba mizigo na watu wa makoleo. Anasema Jumamosi haitafika kabla hajamaliza wote."

"Atamaliza namna gani?"

"Shimo moja."

"Hiyo si kuzika, baba. Hiyo ni kufukia."

"Ni hiyo tunatafuta," akasema, wala hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka.

Wao walitaka koleo, sisi tumewapelekea sanda. Ramazani akainamisha kichwa, maana neno la Kifaransa kwenye tangazo alilisoma yeye, na sisi sote tukalielewa kwa Kiswahili chetu.

Yule mkubwa akaisukuma karatasi mbele ya Mwasiti pamoja na kalamu. "Bahizire amepungukiwa na watu. Mufute kuosha. Mufute nguo. Mufute mambo ya maombi. Mukifuta, mutaingia pamoja naye."

Hadji akasimama. "Twendeni. Dini haikatwi vipande."

Mwasiti hakuinuka.

"Mwanangu," Hadji akamwambia, "Mungu anaona nia yako."

"Anaona, Hadji. Lakini kizuizini nitamkuta askari."

"Astaghfirullah!" Hadji akatoka, na mpaka leo sijui kama alikasirika ao alikuwa anaficha kilio.

Mwasiti hakujua kusoma. Akamwuliza Ramazani: "Kuosha imeandikwa wapi?" Ramazani akamwonyesha, naye akapiga mstari. "Sanda?" Akapiga mstari. "Swala?" Ramazani akaliziba neno kwa kiganja chake, machozi yanamdondoka. Mwasiti akauinua ule mkono polepole, akauweka pembeni, akapiga mstari.

Kesho yake tukapita kizuizini, yeye na mimi, na majembe yetu begani, nyuma ya kamyo ya Bahizire. Shimo lilikuwa limechimbwa tayari. Zuwena tulimkuta karibu na maji, kifudifudi. Kilichotufanya tumtambue ni kile kitenge. Tukambeba sisi wenyewe, hatukuacha mwanamume amshike, tukamteremsha ndani ya shimo, pembeni.

Ziwa lilikuwa hapohapo, maji mpaka macho yanachoka. Nikachukua bidoni, dumu tulilokuja nalo, nikateka maji. Askari akainua bunduki: "Weye! Hapana mambo ya kuosha! Muliisha futa!" Nikaiacha bidoni mchangani.

Mwasiti akashuka shimoni. Akapiga viganja vyake juu ya vumbi kavu, akaupangusa uso wa Zuwena. Akapiga tena, akampangusa mikono, wa kulia, kisha wa kushoto. Ni tayamamu, wudhu wa mtu aliyekosa maji, na hata maiti hufanyiwa. Na maji tulikuwa tunayasikia yakipiga ufukoni.

"Unafanya nini kule chini?" askari akapiga kelele.

"Ninafunika," akajibu.

Nilidhani atapanda. Akamsogelea aliyelala jirani na Zuwena, mama mwenye shanga za watu wa milimani, akampangusa naye. Kisha mwingine. Bahizire akatazama, akazima injini, akajifanya anakagua gurudumu. Mungu amlipe kwa dakika zile. Lakini juu barabarani askari wakampigia makelele, na watu wake wakashika makoleo.

Mwasiti alikuwa amefika kwa mzee mmoja tusiyemjua, mwanamume, ambaye kwa sheria ya dini mikono ya mwanamke kama yeye haikupaswa kumgusa. Nikamwita atoke. Udongo ukaanza kuanguka upande alikolala Zuwena. Aliusikia, nilimwona alivyoshtuka mabega. Hakugeuka. Akapiga viganja vyake vumbini, akaushika uso wa yule mzee, akaendelea kumpangusa.