Mzinga Kabla Haujafungwa

Juzi wajukuu wangu walikuwa wanatazama filamu ya mfululizo kwenye runinga niliyonunua kwa jasho langu. Watu waliingia kwenye duara linalong'aa, wakatokea kwenye nyota nyingine. "Guka, hii huwezi kuelewa," mmoja akaniambia. Nikamwambia anyamaze. Shule sikusoma sana, lakini mlango kama huo niliuona kijijini kwetu Siakago kabla baba yake hajazaliwa.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto mdogo, baba yangu alikuwa amemaliza kutoboa gogo la mzinga, akalifukiza. Lilinuka moshi na nta.

"Anayeipenda harufu hii atakuja hata kutoka mbali," alisema.

Alimaanisha nyuki. Mimi nilidhani anamsema kaka yangu Ireri, aliyeenda kutafuta kazi na hatukusikia habari zake tena. Nikalala kifudifudi, nikachungulia ndani ya gogo, nikingoja atokee upande ule. Alipita mbuzi tu.

Baba alipoleta vifuniko, nikaanza kulia.

"Wewe! Unalilia gogo?"

"Ukifunga, Ireri atapitia wapi?"

Baba hakunicheka. Aliweka vifuniko chini, akapiga magoti, naye akachungulia. Mama alimwita aje anywe chai mara ya kwanza, akamwita tena. Aliendelea kuchungulia.