Likizo Niliyochimba Mahali pa Mama

Mama alijifungua kitinda mimba wetu mwanzoni mwa likizo ya Agosti, nami nikapata kazi ambayo sikuiomba.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimetoka shule ya bweni na suruali mpya ya bugaluu, pana chini kiasi cha kuficha viatu. Mpango wangu wa likizo ulikuwa mmoja tu: kuitembeza suruali ile sokoni Mukuyuni kila siku ya soko. Baba alifanya kazi Mombasa na alikuja nyumbani Krismasi. Kwa hiyo mwanamume wa boma nilikuwa mimi, cheo nilichokifurahia mpaka jioni ile mama aliponiita.

"Kesho utaenda mwethya," akasema.

Mwethya kilikuwa kikundi cha akina mama wa kijijini. Wakati wa kiangazi walikwenda shamba kwa shamba wakichimba matuta ili mvua isichukue udongo. Leo kwako, kesho kwangu, na kila boma lilipaswa kuleta mtu.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "ile ni kazi ya akina mama."

"Sheria inasema mtu. Wewe si mtu?"

Asubuhi nikavaa bugaluu yangu, maana njiani huwezi kujua utakutana na nani. Niliwakuta wameshaanza. Aliyewaongoza alikuwa mjane mmoja mnene, mwenye sauti ambayo Jumapili iliinua kwaya nzima kanisani. Aliposikia nimekuja badala ya mama, aliegemea jembe lake akaniangalia kwa huruma.

"Karibu, mzazi," akasema. "Mtoto hajambo? Ananyonya vizuri?"

Papo hapo akaanzisha wimbo, kwamba mzazi wetu amekuja na sketi ya miguu miwili, na sketi yenyewe inatufagilia shamba. Wengine wakaitikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina langu.

Matuta yale yaliitwa fanya juu, na jina lilieleza taabu yote. Unachimba mtaro kukata mteremko, halafu udongo huutupi chini, ambako ungekwenda wenyewe kwa hiari yake. Unautupa juu. Upepo wa Agosti nao unakurudishia fungu lako machoni na mdomoni. Akina mama walikuwa wakichimba, wakiimba na kuzungumza kwa wakati mmoja. Mimi nilichimba tu, na hata hilo halikwenda vizuri.

Kabla ya saa sita viganja vilikuwa vimevimba malengelenge. Nikaanza kulikagua jembe, nikiligonga mpini kana kwamba umelegea. Yule mjane akaja akaketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Lete mikono."

Nikampa. Akaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya.

"Unalinyonga jembe," akasema. "Limekukosea nini? Lishike kama mkono wa mtu unayemsalimia. Likipanda, lilegeze."

Akachana ukingo wa leso yake kuukuu, akanifunga viganja. Nilikuwa karibu kumshukuru alipowageukia wenzake. "Mwacheni mzazi aende nyumbani apumzike, asije akaugua kifua."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwa hasira nilichimba hadi jioni. Usiku ule sikuweza hata kushika kijiko. Mama, huku mtoto ananyonya, alinitazama nikihangaika na bakuli langu la uji.

"Nikulishe na wewe?" akauliza.

Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata, bugaluu ikiwa imebaki kwenye sanduku. Mikono ikakomaa polepole. Nikagundua pia kwamba mtaroni kulikuwa na habari ambazo sokoni hazikufika. Nilijua nani amemfukuza mkamwana, na mume wa nani anayefanya kazi Nairobi anasemekana kuwa na jiko jingine huko. Lakini hadithi ikikaribia penyewe, mjane alikuwa akinigeukia na kusema, "Mzazi, hebu katuletee maji." Nilikimbia na debe kama mwanariadha ili nirudi kabla haijaisha. Sikuwahi kufaulu. Kila nikifika, walikuwa wakizungumzia kuku.

Zamu yetu ilifika likizo ikikaribia kwisha. Boma lililochimbiwa ndilo lililopika, na mama bado hakuwa na nguvu ya kukaa kwenye moshi. Nikasema nitapika mimi. Isyo, mchanganyiko wa mahindi na mbaazi, niliila tangu nikiwa mtoto, na sikuona kama kuna siri yoyote zaidi ya moto.

Niliwasha moto asubuhi, kumbe mahindi yale makavu yalitaka kulowekwa tangu jana. Nikatia chumvi mapema ili ikolee vizuri. Kila nilipoonja nilikuta bado, nikaongeza kuni. Chini sufuria ikaungua, juu punje zikabaki vilevile. Mchana akina mama walitoka shambani, wakanawa, wakaketi kivulini wakiwa na sahani zao. Mjane akaomba kwa kirefu, jambo ambalo baadaye nililielewa.

Wakala kimya. Nilisikia meno yakifanya kazi. Hakuna aliyeacha hata punje moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama, akiwa amempakata mtoto mlangoni, alikuwa amejifunika uso kwa khanga, na mabega yakimtikisika.

Mwishowe mjane akaweka sahani chini, akajipangusa mdomo.

"Kikundi kimeamua," akasema taratibu. "Huyu kijana ni mchimbaji. Asiondolewe tena kwenye jembe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kijana. Nikainama kukusanya sahani, nikitabasamu kama mjinga, kwa sababu nilijua hakutania katika ile nusu ya kwanza.

Shuleni wenzangu walisimulia likizo zao za Nairobi na Mombasa. Mimi nilisema tu nilikuwa na kazi. Mvua za Novemba zilinyesha nikiwa huko, na mama akaniambia baadaye kwamba maji yalisimama nyuma ya matuta yetu mpaka vyura wakahamia.

Nilipofunga shule Desemba, mama alikuwa ameshapona na amerudi kikundini. Siku moja kulikuwa na tuta la kutengeneza upande wa pili wa bonde. Niliamka, nikachukua jembe, nikamfuata.

"Boma moja, watu wawili," mjane akasema alipotuona. "Sheria yetu haina hiyo. Huyu wa pili ni nani?"

Mama alikuwa akimfunga mtoto vizuri mgongoni. "Ni mgeni," akajibu. "Mpeni pale pagumu."