Itifaki ya Ruta

Kuna watu husema kisasi ni dhambi. Watu hao ng'ombe wao wako hai.

Nilikuwa nikitunza mtandao wa chama cha ushirika wa maziwa, hapa Nakuru. Wanachama wetu ni wakulima wa kutoka Kabazi mpaka upande wa Elmenteita, na kitu walichokipenda kuliko vyote ni laini ya bure ya kuita daktari wa mifugo. Mama yangu, mwanachama wa Kabazi, aliipenda zaidi ya wote, maana simu yake huwa haina salio siku yoyote ya Mungu. Ng'ombe akizidiwa unapiga, mapokezi wanachukua jina na mahali, daktari anawasha pikipiki. Usipopiga kwenye laini, daktari hatoki. Hiyo ilikuwa amri ya mwenyekiti mwenyewe.

Tulipoacha simu za kawaida tukaweka za intaneti, sauti zikaanza kukatika. Nikaingia kwenye ruta, kile kisanduku kinachotugawia intaneti, nikaweka kipaumbele: sauti ipite kwanza, mengine yafuate. Si uchawi. Barua pepe ikichelewa kidogo hakuna anayejua, lakini neno likichelewa kidogo tu, mtu hakusikii. Simu zikawa safi. Msichana wa mapokezi akasema sasa anasikia hadi kuku wa watu wakitetea.

Balaa lilianza nilipolitamka hilo neno kipaumbele mbele ya mwenyekiti. Akauliza ni nani aliyepewa. Nikasema simu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia mbwa wa lango ameketishwa meza kuu. Lazima umjue mtu huyu. Ni mtu wa hafla. Harambee, mazishi, siku ya wazazi, hawezi kusema neno la maana kabla hajataja kila mheshimiwa kwa cheo chake, na yeye mwenyewe asipotajwa anasusa chakula. Akaniuliza itifaki iko wapi kwenye ruta yangu. Nikamwambia ruta haina habari na vyeo vya watu. Akacheka, akaenda zake.

Wiki hiyo akanituma kituo chetu cha karibu na Kariandusi, ambako mzani wa maziwa ulikuwa umekataa kutuma hesabu. Niliporudi nikakuta ofisi nzima imekwama. Ukurasa mmoja kufunguka, unaweza kwenda msalani ukarudi.

Nikaanza pale fundi yeyote huanzia. Nikabadilisha waya. Nikazima swichi, nikaiwasha. Nikapigia wanaotuuzia intaneti, wakaapa kwamba kwao hakuna shida, nami sikuwaamini, huwa siwaamini. Nikauchomoa waya wao kwenye ruta nikauchomeka moja kwa moja kwenye laptopu yangu. Intaneti ikaja mbio. Nikaurudisha kwenye ruta, ikafa. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya ruta yetu, wala si nje. Nikajaribu kuingia nione, paswadi ikanikataa. Paswadi niliyoiweka kwa mikono yangu.

Nikapanda juu kwa mwenyekiti. Hakuficha chochote, alikuwa anajivunia. Mpwa wake anayetengeneza simu mjini alikuja nikiwa sipo akapanga mambo kwa heshima: wa kwanza mwenyekiti, kisha makamu, kisha mweka hazina, kisha kamati nzima, laptopu zao na simu zao za mkononi. Na kwa kuwa huwezi kumtaja mheshimiwa ukamwacha mama watoto, wake zao pia. Kila mmoja akakatiwa fungu lake la intaneti, awe anatumia, awe amelala. Kilichobaki ndicho tulichogawana sisi wengine. Simu za wakulima ziliwekwa mwisho kabisa, pamoja na mashine ya kuchapa.

Nilimweleza kwa adabu, mzee hivi, mzee vile. Nikamwambia kila mtu akiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza. Na pale pale tukiongea, laptopu yake ilikuwa inapandisha mtandaoni video za ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, wazee wakibishana juu ya mbuzi, na video hizo zilikuwa zimeitangulia kila sauti ya mkulima. Nikamwomba paswadi.

"Msichana," akasema, "hapa itifaki imezingatiwa. Wewe kazi yako ni waya."

Nikashuka ngazi kumtafuta yule mpwa.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wa mama akashikwa na uchungu. Ndiye aliyetulipia shule baba alipotutoka, yeye na mama yake kabla yake. Ndama alikuja vibaya, mguu mmoja umekunjika nyuma. Mama akapiga laini. Msichana wa mapokezi akasikia "Kaba", kisha "ng'o", kisha kimya. Mama akapiga tena. Na tena. Kila mara akajieleza mpaka mwisho, jina, mahali, mguu ulivyokaa, akidhani anasikika, akakata simu na kurudi kumshikilia ng'ombe wake akimngoja daktari ambaye hakuna mtu aliyemtuma. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, kwenye simu, nambembeleza yule mpwa anipe paswadi. Ananiambia yuko bize, nimpigie jioni.

Ng'ombe alikufa pamoja na ndama kabla ya saa sita mchana. Jirani ndiye aliyenipigia. Nililia, na sitadanganya kwamba ilikuwa huzuni tu.

Mkutano wa wanachama ulipofika, wakulima wakauliza kulikoni na laini. Mwenyekiti akasimama, akawasalimu waheshimiwa wote, halafu akasema laini haina shida. Shida, akasema, ni wanachama wanaomwacha ng'ombe mpaka mambo yaharibike, kisha wanasingizia simu. "Kuna mama mmoja wa Kabazi," akasema, na hakuhitaji kumaliza. Vichwa vyote viligeuka. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Akainama akatazama viatu vyake, yeye aliyekamua ng'ombe kabla mtu yule hajajua chuchu iko upande gani.

Tangu siku hiyo kule nyumbani wakamwita mama wa simu. Akaacha kupeleka maziwa mwenyewe, akawa anamtuma jirani. Nilipomwambia tudai tulipwe, alikataa. "Nataka aseme si mimi," akaniambia. "Aseme na mdomo wake. Hiyo tu."

Basi mimi nikaapa atasema, hata kama nitamng'oa neno hilo kama jino.

Jumatatu iliyofuata nikachukua sindano, jambo ambalo mpaka hapo niliogopa kulifanya nisije nikafukuzwa kazi. Ruta haina heshima. Ukiibonyeza pale nyuma kwa sindano ukashikilia, inasahau paswadi na waheshimiwa wote, na wake zao. Nikaipanga upya: sauti mbele, kazi za ofisi zifuate, mengine yasubiri. Intaneti ikarudi siku hiyo hiyo, laini ikawa safi kama zamani. Kisha chini ya vyote nikatengeneza foleni moja nyembamba, nikamweka mwenyekiti humo peke yake.

Raha niliyoipata, acha tu. Aliniita, nikapanda na uso wa huruma, nikabadilisha waya, nikazima nikawasha, nikaguna, nikamwambia pengine ni mvua. Siku aliyoongea kwa video na wanunuzi, sura yake iliganda mdomo wazi kama anayengoja kulishwa, kamati yote ikitazama. Msichana wa mapokezi alitoka nje kucheka. Lakini ilikuwa raha ya nusu. Mama bado alikuwa anamtuma jirani na maziwa.

Asubuhi moja msichana wa mapokezi alikuwa ametoka kidogo, laini ikalia, nikaichukua mimi. Alikuwa mwenyekiti, anapiga kutoka kwake Bahati. Ng'ombe wake bora alikuwa anazaa na ndama amekwama. Sauti ilikuja safi, pumzi zake nilizisikia, na nyuma yake ng'ombe akilia. Daktari alikuwa ameketi pale mbele yangu. Nikamwandikia jina na mahali kwenye kiganja changu, nikamwonyesha. Akanyakua mkoba akatoka, nikaisikia pikipiki ikivuka lango. Mwenyekiti hakujua hayo.

"Mzee," nikasema, "sikusikii vizuri."

Akapaza sauti, akarudia yote.

"Kuna mama mmoja wa Kabazi alipiga hivi hivi. Mbona hakusikika?"

Ng'ombe akalia tena. Akasema ni mtandao. Nikamuuliza nani aliuharibu. Akasema mpwa wake. Nikamwambia nilivyosikia mimi, mpwa hakujileta mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Nilionywa nikakataa kusikia. Mama yako hakuzembea. Mtoto wangu, nakuomba, tuma daktari."

"Yuko njiani tangu uliposema mara ya kwanza, mzee," nikamwambia, nikakata.

Sasa, laini ile hurekodi kila simu, na kila anayepiga huambiwa hivyo kabla hajaunganishwa. Nikaipelekea kamati rekodi, ikasikiliza. Jumamosi nikapanda Kabazi, nikamketisha mama uani pamoja na majirani, wale wale waliomwita mama wa simu, nikaweka simu yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawachezea. Mwanamke mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

Nilidhani mama atalia, au ataniambia nimsamehe yule mtu, maana ni mtu wa maombi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Yule wake alizaa nini?" akauliza.

Nikamwambia mtamba, na wote wawili wazima.

"Huyo ni wangu," akasema. "Akishaachishwa kunyonya, amlete. Na asimbebe na pikapu. Amshike kamba amtembeze mwenyewe kutoka stegi ya matatu mpaka hapa, watu wakimwona."

Nilimpelekea ujumbe huo neno kwa neno, mbele ya kamati, na kamati ikasema ni haki. Alikuja. Alikuja na suti, viatu vimejaa matope, mtamba akimvuta huku na huku, na watu wametoka kwenye nyua zao kutazama. Mama alipokea kamba, akampapasa mtamba mgongo na kiwele, akamwambia mwenyekiti asante. Kisha akafunga lango, mwenyekiti akiwa nje, na maji ya chai yalikuwa jikoni yanachemka.