Glasi ya Mgeni Niliyoinywa Mimi

Kama si Mama Jolie, leo ningekuwa ninatafuta kazi nyingine hapa Nchelenge.

Mimi ni mhudumu wa gesti moja kando ya ziwa. Bosi alinionya mapema: Mama Jolie, mwenye biashara ya samaki, anavuka kutoka Kilwa, upande wa Kongo. Akipenda divai yetu nyeupe, harusi ya binti yake itafanyika kwetu. Basi nikazisoma aina za zabibu za divai kwenye simu kama mtu wa mtihani. Chardonnay asili yake Burgundy, Ufaransa. Riesling, Ujerumani. Chenin ni ya bonde la Loire, ingawa siku hizi Afrika Kusini wanailima kuliko Wafaransa wenyewe.

Mama Jolie alipoketi nilimmwagia elimu yote hiyo bila kupumua. Nikafungua chupa ya Chenin, nikatia kidogo katika glasi yake, kama simu ilivyofundisha. Hapo simu ikaishia, bibi yangu akaanza. Kwetu anayeleta pombe hutangulia kuinywa, ili mgeni aone haina sumu. Nikachukua glasi ya Mama Jolie, nikainywa yote, nikasimama kidogo kulisikiliza tumbo.

"Kunywa, mama," nikasema. "Niko muzima."

Bosi akapiga kelele kutoka kaunta: "Weye! Mugeni ndiye anaonja!"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Jolie akaichukua glasi ile ile, akaninyooshea nimtilie.

"Patron, mumuache," akamwambia bosi. "Ni mara ya kwanza ninakunywa divai bila woga. Ku harusi ya mutoto wangu, ni huyu atatangulia kunywa."