Uji wa Mama Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikaa Mwadui, mume wangu akiwa fundi umeme mgodini. Injinia mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake alituachia maikrowevu, ya kwanza kuonekana katika safu yetu ya nyumba. Ndiyo niliyotumia kumpashia uji mama mkwe, tuliyemleta kutoka kijijini akiumwa tumbo. Uji ukipoa hakuweza kuumeza, na alikula polepole mno.

Jumamosi moja niliingiza bakuli. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, mashine ikanguruma kama siku zote. Kutoa uji, baridi vilevile. Nikawasha jiko la mkaa, nikamwita mume wangu.

Aliweka glasi ya maji, akasubiri dakika mbili, akachovya kidole. Baridi. Akajaribu soketi nyingine. Baridi. Akachomoa waya, akaibeba mashine hadi barazani na kuifungua.

"Usisogee," akaniambia. "Humu umeme unabaki hata ukichomoa waya. Unaua."

Mama mkwe akaita kutoka chumbani, "Ng'wanawane, mwanangu, achana nayo. Njoo ukae nami."

"Nakuja, mayu. Kidogo tu."

Hakwenda. Jumapili tulipotoka kanisani akarudi barazani. Fyuzi ilikuwa nzima, swichi za mlango nzima. Mwishowe akasema kifaa kinachotoa joto kimekufa, na hata Mwanza hakipatikani.

"Basi," nikamwambia, "mkaa upo. Nenda kwa mama."

"Ngoja nijaribu tena."

Nilikasirika. Lakini nilikuwa nimemwona wiki ile akifika mlango wa chumba, akiitazama mikono ya mama yake ilivyokonda, kisha akigeuka.

Alasiri ile mama mkwe alimeza vijiko viwili. Cha tatu kikabaki mdomoni. Nilimfuta, nikamfumba macho, nikatoka.

Mume wangu aliinua uso akaniona, akajua. Alirudisha skrubu zote, moja baada ya moja, akizikaza sana, ndipo akaingia ndani. Nilimwacha.

Matanga yalipoisha aliniuliza, "Siku ile, aliniulizia?"

"Hapana," nikamjibu. "Alikuwa amelala."

Alikuwa amemuulizia mara nne.